Wauguzi wangu wanasema wananawa kila mara. Mbona wagonjwa wanaambukizwa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kiongozi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) yenye vitanda sita katika hospitali ya mkoa. Hivi karibuni niliwagawia wenzangu dodoso kuhusu tahadhari za kuzuia maambukizi: kunawa mikono, glovu, sindano, taka, usafi wa kitanda. Karibu wote waliweka vema kwenye 'daima', nami nikafurahi. Baadaye wagonjwa watatu waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa wakati mmoja walipanda homa, na maabara ikasema wote wana Klebsiella, aina ya bakteria. Daktari akaniuliza mbele ya watu, 'Hawa wauguzi wako wananawa kweli?' Nilikosa la kusema. Naomba unieleze: kwa kawaida wauguzi wa ICU hufuata tahadhari kwa kiasi gani? Nipime vipi nipate ukweli? Na je, ni sisi tuliowaambukiza?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuulizwa mbele za watu. Swali lenyewe lilikuwa la haki, ila halikupaswa kuulizwa pale, wala kuwaendea wauguzi peke yao. Utaona kwa nini.

Nianze na kiasi, maana ndicho ulichokitaka kwanza. Mwaka 2010 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walikusanya tafiti 96 zilizopima usafi wa mikono hospitalini, katika nchi zenye uwezo, ambako maji hayakatiki na sabuni haiishi. Walikuta kwamba kati ya kila mara 100 ambazo mkono ulipaswa kutakaswa, ulitakaswa kama mara 40. ICU, alikolazwa mgonjwa dhaifu kuliko wote, ndiko kulikokuwa chini zaidi: mara 30 hadi 40, wakati wodi nyingine zilifika 50 hadi 60. Wauguzi walipata 48, madaktari 32. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama wauguzi wako wananawa, jibu la kweli ni kwamba huenda wananawa chini ya nusu ya mara wanazotakiwa, na kwamba anayeuliza naye anahitaji kupimwa.

Lakini namba iliyonifundisha zaidi katika kazi ile ni nyingine. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mikono ilitakaswa mara 21 katika 100. Baada ya kumgusa, mara 47. Zitazame hizo mbili kwa utulivu. Mkono unamlinda mwenye mkono. Ukimaliza kumsafisha mgonjwa aliyejisaidia, hakuna anayehitaji kukukumbusha kunawa. Ngozi yenyewe inakudai maji. Kabla ya kumgusa, mkono unauona msafi. Umetoka tu kushika faili, pazia, kitufe cha mashine, simu yako mfukoni. Hakuna harufu wala utelezi wa kukushtua.

Sasa mfikirie yule aliyelala kitandani. Mpira umepita kooni hadi kwenye njia ya hewa, hawezi kukohoa akatoa uchafu. Shingoni ana mpira ulioingia kwenye mshipa mkubwa. Ana mpira wa mkojo. Milango ambayo mwili huifunga, sisi tumeifungua yote ili tumwokoe. Kwake yeye, wakati wa kunawa ulio na maana kuliko yote ni ule wa kabla, na ndio tunaousahau kuliko yote. Nikitazama dodoso za namna yako, sioni swali linalotenganisha kabla na baada. Zinauliza tu, "Je, unanawa mikono?"

Hapo ndipo tatizo la dodoso lilipo. Usidhani wenzako wamekudanganya. Mtu akiulizwa kama ananawa, hujibu anachokijua, na wauguzi wa ICU wanakijua vizuri. Tena anakumbuka mara alizonawa, kwa sababu alisimama, akamimina, akasugua. Mara alizopitiliza hazina kumbukumbu yoyote. Hakuna mtu anayekumbuka kitu ambacho hakukifanya. Kwa hiyo dodoso lako limepima maarifa na nia njema, na hivyo viwili wanavyo. Hifadhi karatasi hizo, zina kazi yake, lakini usiziite ufuasi, yaani kutenda kweli kinachotakiwa.

Hata kutazama kwa macho kuna mtego wake. Huko Toronto, Kanada, hospitali moja ya kufundishia iliweka mitambo iliyohesabu kila mara mtu alipobonyeza chupa ya kitakasa mikono, kisha ikalinganisha muda ambao mkaguzi alikuwa akionekana na muda ambao hakuwepo. Matokeo yalitoka mwaka 2014: mkaguzi akiwa anaonekana, watu walitakasa mikono takriban mara tatu zaidi. Mara tatu! Kwa hiyo hospitali ikitangaza ufuasi wa asilimia 95 kwa kutumia mkaguzi mwenye koti jeupe na ubao mkononi, mimi huuliza kwanza mkaguzi alisimama wapi.

Nikuambie jambo langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, zamu ya usiku, nilikuwa na wagonjwa wawili. Nilikuwa namwaga mkojo kutoka kwenye mfuko wa mgonjwa wa kitanda cha tatu, nimevaa glovu. Mashine ya kitanda cha nne ikalia. Mpira wa kupumulia ulikuwa umechomoka kwenye kiungio. Nikakimbia, nikaurudisha, nikatazama oksijeni ikipanda, nikashusha pumzi. Nilikuja kuziona zile glovu nilipochukua kalamu kuandika. Zilikuwa zilezile. Nilikuwa nimetoa kile kilichokuwa kwenye mkojo wa mtu mmoja nikakipeleka kwenye mlango wa mapafu ya mwingine, na asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kunawa mikono. Yule mgonjwa alitoka ICU akiwa hai. Mimi usiku ule nimeubeba mpaka leo.

Sikukimbia kwa uzembe. Nilikimbia kwa sababu mtu alikuwa anakosa hewa. Na hiyo ndiyo sababu kubwa ya ufuasi wa ICU kuwa chini: si kwamba wauguzi wake hawajali, bali kazi yenyewe inadai mikono mingi kuliko waliyonayo. Hospitali ya chuo kikuu ya Geneva, Uswisi, ilipopima mwaka 1994, ICU zake zilikuwa na kama nyakati 20 za kutakasa mikono kwa kila mgonjwa kila saa, na ufuasi ukawa asilimia 36. Wodi za watoto, zenye kama nyakati 8 kwa saa, zilifika asilimia 59. Kazi ikiongezeka, mikono inaruka.

Piga hesabu kwa wodi yako. Shirika la Afya Duniani linasema kunawa kwa maji na sabuni kufanywe kwa sekunde 40 hadi 60. Ukichukua sekunde 60, mara 20 kwa saa ni dakika 20, hapo hujahesabu hatua za kwenda kwenye sinki na kurudi. Muuguzi mwenye wagonjwa wawili anatakiwa asimame kwenye sinki dakika 40 katika kila saa! Haiwezekani, na anayemlaumu kwa kushindwa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kitakasa mikono chenye spiriti kinachukua sekunde 20 hadi 30, na kikiwa kimening'inia kitandani hakuna kutembea. Zile dakika 40 zinashuka hadi 13 au 20. Bado ni nyingi, lakini sasa tunaongea jambo linalowezekana, hasa ukipunguza idadi ya nyakati zenyewe kwa kupanga kazi: unaanza na mdomo na mpira wa hewa, unafuata dripu, unamaliza na mkojo na choo, badala ya kurukaruka.

Kuhusu idadi ya watu, sitakuficha. Uingereza wanadai muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Wewe huenda una muuguzi mmoja kwa wawili, usiku pengine kwa watatu. Hakuna bango la ukutani litakalofidia hilo. Unapoandika ripoti ya maambukizi kwa mganga mfawidhi, andika katika ukurasa huohuo kila zamu ilikuwa na wauguzi wangapi na wagonjwa wangapi. Usitenganishe namba hizo mbili hata mara moja.

Sasa glovu, maana nina hofu nazo kuliko watu wengi. Glovu zimewekwa ili zikulinde na damu na majimaji ya mwili, na zimlinde mgonjwa katika kazi safi, kama kuingiza mpira kwenye mshipa. Haziji badala ya kunawa. Watafiti waliotazama hospitali 15 za England na Wales, katika wodi za ICU na za wazee, walikuta mwaka 2011 kwamba pale glovu zilipovaliwa, mikono ilitakaswa mara 41 katika 100. Pale zisipovaliwa, mara 50. Glovu inampa mtu utulivu wa uongo. Anaivaa mlangoni, anashika mgonjwa, anashika kitanda, anaandika, anajibu simu ya wodi, anarudi kwa mgonjwa. Inayobaki safi ni ngozi iliyo ndani yake. Wafundishe wauguzi wako kwamba kupima presha, kumgeuza mgonjwa mwenye ngozi nzima na kavu, au kumshika mkono ndugu yake hakuhitaji glovu. Kunahitaji mkono uliotakaswa. Na glovu ikivuliwa, mkono utakaswe, kwa sababu glovu hutoboka bila kuonekana na uvuaji wenyewe huchafua vidole. Hospitali inayolia kwamba glovu zimeisha ikiwa bado katikati ya mwezi, nusu ya kilio chake huwa hapa.

Mengine nitayapitia haraka. Sindano: usirudishie kifuniko, na kisanduku cha vitu vyenye ncha kali kifungwe kikijaa robo tatu. Kisanduku kiwe karibu na kitanda. Kikiwa mwisho wa wodi, watu watafunika sindano ili watembee nayo, na hapo ndipo vidole huchomwa. Muuguzi asiyechanjwa akichomwa na sindano ya mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B, anaweza kuambukizwa kwa kiwango kinachofika mara 30 katika 100. Aina ya C ni 2 katika 100 au pungufu. Virusi vya Ukimwi ni kama 3 katika 1,000. Hakikisha kila aliye kwenye zamu yako amekamilisha chanjo ya homa ya ini B, hata wahudumu wa usafi. Na kila mtu ajue dawa za kinga baada ya kuchomwa ziko wapi saa nane usiku, maana lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha zimezwe siku 28. Usafi wa kitanda: kitambaa kimoja kwa kitanda kimoja, maji ya klorini yachanganywe upya kila siku. Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, inakupa asilimia 0.5. Nimeona ndoo iliyoandikwa tarehe ya juzi. Ile huwa imebaki maji yenye harufu tu.

Kabla ya kuingia kwenye kupima, naomba unisikilize juu ya neno "tahadhari za msingi", kwa sababu wauguzi wengi wanalichukulia kama orodha ya usafi. Mzizi wake ni Ukimwi. Mwaka 1985, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilianza kusema kwamba damu ya kila mgonjwa itazamwe kana kwamba ina virusi, kwa sababu huwezi kumjua mwenye navyo kwa kumtazama usoni. Mwaka 1996 wazo hilo likapanuliwa kuwa tahadhari za kila mgonjwa, kila siku, na majimaji yote ya mwili isipokuwa jasho. Uzito wote uko kwenye maneno hayo: kila mgonjwa. Husubiri majibu ya maabara.

Tumeona hapa jirani gharama ya kusubiri majibu. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola. Walithibitishwa wagonjwa 66, wakafariki 15, na karibu asilimia 80 ya wagonjwa wote walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wakitoka kwenye hospitali mbili za Kigali, ICU ikiwemo. Waliambukizwa wakimhudumia mtu ambaye hakuna aliyekuwa amejua ana nini. Rwanda ilipambana vizuri mno. Kulikuwa na wagonjwa wawili waliowekewa mpira wa kupumulia, wakapona na kutolewa mpira ule, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema linaaminika halikuwahi kutokea kwa mgonjwa wa Marburg barani Afrika. Lakini wauguzi wale walishaambukizwa kabla jina la ugonjwa halijatamkwa. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Machi 2023, Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Nikifundisha wauguzi wa ICU siku hizi naanza na Kigali, wala sianzi na mabango. Mgonjwa anakuja kwako saa saba usiku akiwa na homa, anatapika, hajitambui, na ndugu wanasema ni malaria. Huo ndio wakati wa kuvaa aproni, glovu, barakoa na miwani kabla ya kunyonya makohozi. Kesho asubuhi utakuwa umechelewa.

Sasa kupima. Tumia nyakati tano za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi, baada ya kugusa au kuweza kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kaa mahali pamoja kwa dakika 20 hivi, andika kila wakati unaotokea na kama mkono ulitakaswa. Andika kada: muuguzi, daktari, mtaalamu wa viungo, mpiga picha wa eksirei aliyeingia na mashine yake. Usiandike jina la mtu. Ukishaandika jina, umekuwa polisi, na kuanzia siku hiyo utapimwa wewe: watakutazama unapoingia na kutoka. Shirika linashauri ufikishe nyakati 200 kwa wodi moja kabla ya kutoa asilimia. Kwa vitanda sita utazipata kwa siku chache. Lazima baadhi ziwe za usiku na baadhi za mwisho wa wiki. Ukiweza, tumia mtu ambaye tayari huonekana wodini kwa kazi nyingine, ili macho yamzoee.

Kisha kuna kipimo kisichojua kama kinatazamwa: kitakasa mikono chenyewe. Hesabu lita zinazotumika kila mwezi, ugawe kwa siku za wagonjwa, yaani jumla ya siku ambazo wagonjwa wote walilala wodini. Shirika la Afya Duniani, katika fomu yake ya hospitali kujitathmini, linataka angalau lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Vitanda vyako sita vikijaa mwezi mzima ni siku 180 za wagonjwa, yaani lita 3 na nusu na kidogo. Usishangilie ukizifikia. Mtu akitumia mililita 3 kwa mara moja, kiasi hicho kinatosha mara 7 tu kwa mgonjwa mmoja kwa siku nzima, na tumeona Geneva kwamba mgonjwa wa ICU anahitaji kama 20 kwa saa moja. Kiwango kile ni cha hospitali nzima. ICU inapaswa kukipita mbali sana. Nenda stoo kesho, uliza ICU ilichukua lita ngapi mwezi uliopita. Nadhani jibu hilo peke yake litakueleza mengi kuliko dodoso.

Na stoo ikikwambia hakuna, usikubali neno hilo liishie hapo. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza kitakasa mikono ni ya wazi kwa kila mtu: spiriti ya ethano, haidrojeni peroksaidi kidogo, glisirini kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mfamasia wa hospitali anaweza kuitengeneza, na wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020 wengi walijifunza. Kile kilichowezekana wakati ule kwa hofu kinawezekana sasa kwa mpango.

Kuhusu kurekebisha, nirudi Geneva, maana wao hawakuishia kupima. Walitundika kitakasa mikono kwenye vitanda, wakakigawa hata cha mfukoni, wakabandika mabango yenye ujumbe uliotokana na wafanyakazi wenyewe, wakarudisha matokeo wodini mara kwa mara, na wakubwa wa hospitali wakasimama hadharani kuunga mkono. Kutoka 1994 hadi 1997 ufuasi wa hospitali nzima ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Kitakasa mikono kilichotumika kikapanda kutoka lita 3.5 mwaka 1993 hadi 15.4 mwaka 1998 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Zingatia mambo mawili. Kwanza, miaka mitatu ya jasho katika moja ya miji tajiri duniani ilileta 66, basi ukipata 55 mwaka wa kwanza wapikie wenzako pilau. Pili, waliopanda ni wauguzi na wasaidizi wao. Madaktari hawakubadilika sana. Kwa hiyo mualike daktari wako awe wa kwanza kupimwa na wa kwanza kusomewa matokeo. Muuguzi mdogo ananawa akimwona bingwa ananawa, na anaacha akimwona anaacha.

Hospitali zetu nyingi zinaijua S5, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Tumia hiyo "Seti", yaani kila kitu mahali pake, kitandani. Simama palipo kichwa cha mgonjwa, nyoosha mkono bila kupiga hatua. Je, unafikia kitakasa mikono? Glovu? Pipa la taka? Kisanduku cha sindano? Kile usichokifikia ndicho kitakachorukwa mashine ikilia. Kama usiku ule kungekuwa na chupa kwenye ubavu wa kitanda cha nne, ningeiona kabla ya mpira.

Limebaki swali lako zito: ni nyinyi mliowaambukiza?

Rudi maabara uombe orodha ya dawa ambazo kila Klebsiella inasikia na ambazo haisikii. Zikiwa tofauti kwa wagonjwa wote watatu, huenda kila mmoja ameambukizwa na vimelea vyake mwenyewe. Klebsiella huishi tumboni mwa watu wenye afya njema, na mpira wa hewa huifungulia njia. Zikiwa sawasawa, hasa kama ni sugu kwa dawa zilezile nyingi, basi uwezekano ni mkubwa kwamba kimelea kimoja kimesafiri kutoka kitanda hadi kitanda, na vimelea havina miguu. Lakini usiishie kwenye mikono. Klebsiella hupenda unyevu. Tazama chupa za mashine ya kunyonya makohozi, maji ya kulainisha hewa ya mashine, vifaa vya kuvutisha dawa, sinki. Tazama hasa kama kuna chupa moja ya maji ya chumvi inayotumika kusuuza mipira ya wagonjwa wote. Hiyo nimeikuta mara nyingi, na imewekwa pale na watu wema wanaobana matumizi. Uliza dawa za kichupa kimoja zinazochotwa kwa watu wengi. Uliza nani alihudumia nani katika zamu zile, si ili umkamate, bali ujue wagonjwa wale walikutana wapi.

Ukikuta ni kimelea kimoja, waambie wenzako ukweli huo wakiwa wamekaa, mlango umefungwa, daktari akiwepo, na uanze wewe: "Imepita kwetu." Waambie pia lita za kitakasa mikono, na idadi ya watu kwenye zamu. Na ndugu za wagonjwa wakiuliza kwa nini hali imebadilika, waambieni kwamba mgonjwa wao amepata maambukizi akiwa hapa, na mnachokifanya sasa. Wengi wetu tumezoea kusema "hali ya ugonjwa imezidi". Wana haki ya kujua.

Kundi la kwanza la nyakati 200 likikamilika, nitumie. Gawa kabla na baada kwenye safu mbili tofauti, na usiku uwe peke yake.